Mbuzi Niliyemwacha Ndani ya Kompyuta

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi ana desturi ya kuketi nyuma ya darasa, daftari likiwa juu ya magoti, akiandika mambo ambayo mwanachuo aliye mbele ya ubao hawezi kuyaona. Siku ninayotaka kuisimulia sikuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa nimekwenda katika shule moja ya msingi kumwangalia mwanachuo wangu akifundisha kujumlisha na kutoa katika darasa la tatu. Shule ile ilikuwa imepata kompyuta mbili za msaada, moja ikiwa mbovu tangu siku ya kufika. Watoto 12 wa kundi la kwanza walikuwa wameizunguka ile nzima, na aliyeketi mbele yake alikuwa msichana mdogo aliyevaa sweta lililomzidi mikono. Aliandika jibu, akabonyeza, akaambiwa amekosa. Akaandika tena, akakosa tena. Mara ya tatu kioo kikatoa maneno haya kwa herufi nyekundu: "Mara tatu! Hata mbuzi wa jirani angepata!"

Watoto walicheka kama watoto wanavyocheka, yaani kwa mwili mzima. Mmoja akalia "mee", na kufumba na kufumbua kundi zima likawa zizi. Mwanachuo wangu naye alitabasamu, kisha akageuka kunitazama aone kama nami nimetabasamu. Kwani alijua, kwa kuwa nilikuwa nimejisifu mbele ya darasa lake chuoni, kwamba maneno yale niliyaandika mimi.

Yafaa nieleze jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyofika mahali pa kuweka mbuzi ndani ya kompyuta.

Zipo programu zinazouzwa, na zipo zinazotolewa pamoja na maandishi yake ya ndani, ili mtu yeyote ayasome, ayasahihishe na kuyagawa tena apendavyo. Hizi za pili huitwa programu huria, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na watu wanaojitolea. Chanzo chake ni watu wachache wenye ukaidi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu katika chuo kikuu cha MIT, alitangaza kwamba ataunda mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, naye aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wake kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa cha kitaalamu. Kitu hicho ndicho Linux, ambacho leo kimo ndani ya simu nyingi mno za mkononi ulimwenguni. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa makao ya mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Nilipoiona mara ya kwanza niliingiwa na wivu wa mwalimu wa lugha. Watu walikuwa wakiamua ni neno gani mtoto wa Kitanzania atalisoma kwenye kioo, nami sikuwamo. Miaka mingi baadaye nilijiunga na kundi dogo lililokuwa likitafsiri na kurekebisha programu moja ya hesabu kwa shule za msingi. Hatukuzidi watu 9. Hakuna aliyelipwa, na wengi wetu hatujaonana hadi leo; tulijuana kwa barua pepe zilizoandikwa usiku, baada ya kazi na baada ya watoto kulala.

Jambo la kwanza lililonishangaza katika ulimwengu ule lilikuwa kicheko. Nilidhani nimeingia katika nyumba ya wahandisi, kumbe ni baraza la watani. Chukua jina lenyewe la GNU: kwa Kiingereza herufi zake zinasema kwamba GNU si Unix, na herufi ya kwanza inasimama badala ya GNU yenyewe. Ukiuliza hiyo GNU ya ndani ni nini, unarudishwa mwanzo, kama kitendawili ambacho mtegaji wake amekataa kupewa mji. Lugha ya kompyuta iitwayo Python haikupewa jina la chatu, kama wanavyodhani wengi, bali la kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, alichokipenda Guido van Rossum, Mholanzi aliyeibuni. Katika mfumo wa Debian imo programu ya kuongeza programu nyingine, na mtu akiiandikia neno la mlio wa ng'ombe, inamchorea ng'ombe kwa alama za maandishi, naye ng'ombe anamuuliza kama leo amekwisha kulia kama yeye. Haina faida yoyote. Nilipoionyesha chuoni, wanachuo walitaka niirudie mara 3.

Lakini mzaha niupendao zaidi ni wa birika. Kompyuta zinapoitana kwenye intaneti hujibizana kwa namba. Kwa mfano, 404 maana yake ni kwamba kitu ulichokitafuta hakionekani. Tarehe 1 Aprili 1998 ilitolewa kanuni ya mzaha iliyoeleza namna ya kuamrisha vyombo vya kuchemsha kahawa kwa njia ya intaneti, nayo ikaagiza kwamba birika la chai likiamrishwa kuchemsha kahawa lijibu kwa namba 418, yaani, "mimi ni birika la chai". Waandishi wa programu waliipenda namba hiyo, wakaiingiza katika kazi zao za kweli. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa kanuni hizo alizishauri programu kadhaa ziiondoe, kwa hoja nzuri tu: namba hizo ni chache, na huenda siku moja 418 ikahitajika kwa kazi ya maana. Aliyesimama kuitetea hadharani alikuwa kijana wa miaka 15. Namba ikabaki, na katika kanuni rasmi za mwaka 2022 imetengwa isipewe kazi nyingine. Naomba msomaji aizingatie habari hiyo kabla hajaniona kuwa ni mzee ninayechukia furaha.

Mwanzoni niliona mambo hayo kuwa utoto, hata nikaandika hivyo. Aliyenijibu alikuwa kijana aliyetengeneza sehemu kubwa ya programu yetu, fundi wa kompyuta huko Mwanza. "Mwalimu," aliandika, "mchana naandika anachotaka mteja. Usiku naandika kinachonichekesha. Mkiniondolea hicho, mtaniachia nini?" Sikuwa na jibu. Anayefanya kazi kwa mshahara huvumilia uchovu kwa sababu ya mwisho wa mwezi. Anayejitolea hana mwisho wa mwezi. Anacho kicheko, na heshima ya wenzake, na fahari ya kuacha alama yake mahali fulani. Hata ninyi mtakaokwenda kufundisha kisomo cha jioni bila posho mtayaona hayo. Kwa hiyo nilianza kucheka pamoja nao, kisha nikataka kuwachekesha.

Katika programu ile, mtoto akikosa, maneno ya Kiingereza yalimwambia kwamba jibu si sahihi na ajaribu tena. Nilitafsiri hivyo kwa kosa la kwanza na la pili. Kwa kosa la tatu nikaona hapa ni mahali pa kuonyesha kwamba Kiswahili nacho kina uhai, nikamleta mbuzi wa jirani. Kabla ya kuingizwa, tafsiri ilipaswa kusomwa na wenzangu wawili. Wote wawili walicheka, nayo ikapita. Kijana wa Mwanza aliniandikia kwamba sasa nimekuwa mmoja wao. Nakiri kwamba niliisoma barua hiyo zaidi ya mara moja.

Turudi darasani. Baada ya kipindi nilimwambia mwanachuo wangu kwamba somo lilikwenda vizuri, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sehemu, nikaondoka. Wiki ya pili yake alikuja ofisini kwangu akiwa na uso wa mtu aliyebeba habari za mwingine. Yule msichana sasa aliitwa Mbuzi. Si kwenye kompyuta tu, bali uwanjani, na njiani kwenda nyumbani, na kisimani. Zamu ya kundi lake ilipofika, aliomba ruhusa ya kwenda kuteka maji ya kumwagilia bustani, na mwalimu wa darasa, ambaye hakujua lolote, alimsifu kwa bidii.

"Lakini Mwalimu," mwanachuo akaendelea, "kuna jambo jingine. Hesabu ile anaijua."

Alikuwa amemketisha peke yake kwa daftari na penseli, akampa 12 kutoa 5, naye akaandika 7 bila kuhesabu vidole. Kisha akamrudisha kwenye kompyuta watoto wengine walipokuwa mapumzikoni, akasimama nyuma yake akiangalia vidole badala ya kioo. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwenye mashine ile kuukuu, mtoto akibonyeza kitufe cha kukubali kwa kukishikilia kidogo, kama afanyavyo mtoto ambaye hajazoea, tarakimu ya jibu lililotangulia ilibaki ndani ya kisanduku bila kuonekana. Msichana aliandika 7. Aliona 7. Mashine ilisoma 57.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kwanza niliona haya mbele ya mwanachuo wangu, ambaye kwa kuangalia vidole alikuwa amefanya kazi ya ualimu niliyopaswa kuifanya mimi siku ile nyuma ya darasa. Kisha nikaona jambo zito zaidi. Kosa halikuwa la mtoto hata kidogo; lilikuwa letu sisi watengenezaji. Tulikuwa tumekosea, tukamchekea aliyepatwa na kosa letu, tena mbele ya wenzake. Na mtu asidhani kwamba maneno makavu ya kitaalamu yangemwokoa. "Jibu si sahihi" nayo ingekuwa uongo, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Ingekuwa tu uongo uliovaa tai. Kila mmoja wetu amewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akaambiwa kwa adabu kabisa kwamba jalada lake halionekani, arudi wiki ijayo. Hakuna aliyemcheka, lakini amerudi nyumbani akiwa amedharauliwa vilevile. Ujumbe wa kosa, uwe wa mzaha au wa taadhima, unakaa mahali ambapo mwenye kuuandika hajui ni nani amekosea, naye anamwandikia mtu aliyekwama.

Niliwaandikia wenzangu nikaomba mbuzi aondolewe. Sikutegemea ubishi. Ubishi ulidumu wiki 6.

Kijana wa Mwanza alisema kwamba tatizo ni kisanduku, si mbuzi. Tutengeneze kisanduku na mbuzi abaki. Alisema pia kwamba tukianza kuondoa kila neno ambalo mtoto mmoja amelilia, kesho tutaondoa ng'ombe, keshokutwa birika, na mwisho tutabaki na programu inayosema kama tangazo la mnada wa serikali. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mwenzetu mmoja, karani wa benki huko Dodoma, ambaye kwa kawaida alituma kazi yake bila neno, aliandika barua ndefu kuliko zote. Alieleza kwamba alipojiunga, kazi yake ya kwanza ilikuwa na makosa, nasi tuliijibu kwa vichekesho vitano au sita mfululizo. Tulidhani tunamkaribisha. Yeye alifunga kompyuta, akakaa miezi 2 bila kuifungua, na alirudi kwa bahati tu. "Mnawajua waliocheka," aliandika, "maana wako hapa. Walioondoka hamwajui." Nami nilipotazama orodha ya zamani niliona majina ya watu watatu ambao walituma kazi mara moja, wasisikike tena. Huenda walipata kazi nyingi, huenda waliugua. Hakuna njia ya kuwauliza.

Wakati wa ubishi huo nilisoma habari za wengine waliotutangulia, nikaona kwamba watu wazima wenye sifa wamegombana kwa mambo madogo kuliko mbuzi. Katika mwongozo wa maktaba moja ya GNU, inayotumiwa na programu nyingi za Linux, kuna amri ya kuikatiza programu ghafla, na kwa Kiingereza jina lake ni neno lile lile linalotumika kwa kutoa mimba. Stallman alikuwa ameandika hapo mzaha kuhusu kanuni za serikali ya Marekani, zilizotolewa mwaka 1988, za kuzizuia zahanati fulani zisiwape wanawake habari za kutoa mimba: alionya kwamba huenda siku moja wao nao wakakatazwa kueleza habari za amri hiyo. Mwaka 2018 mtu mmoja alishauri maneno hayo yaondolewe, kwani hayamsaidii mwandishi wa programu. Yakaondolewa. Stallman akapinga, akisema ni maneno yake dhidi ya udhibiti wa habari. Yakarudishwa. Barua nyingi ziliandikwa. Nilijaribu kuutafsiri mzaha huo kwa Kiswahili nikashindwa, maana kwetu kukatiza programu na kutoa mimba hayana neno moja. Na hata ningeweza, ningehitaji kwanza kueleza sheria za nchi ya mbali za miaka zaidi ya 30 iliyopita. Mzaha unaohitaji maelezo marefu kuliko jambo lenyewe umekwisha kufa, ingawa mwenyewe bado anausikia ukipumua.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi walimu. Iko programu nzuri ya kuchora na kurekebisha picha, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, nayo inaitwa GIMP. Kwetu jina hilo ni sauti tu, wala halimdhuru mtu. Lakini kwa baadhi ya wasemaji wa Kiingereza ni neno la kumdhihaki kiwete. Mwaka 2019 baadhi ya watu waliichukua programu hiyo, wakaigawa upya kwa jina la Glimpse, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba jina la kwanza liliwatia watu aibu kuipeleka shuleni na kazini. Jaribio lao lilisimama mwaka 2021, kwani kutunza programu kubwa ni kazi nzito kuliko kuipa jina. Jina la zamani likabaki. Nafikiri juu ya mwalimu wa huko, mwenye mwanafunzi anayechechemea katika dawati la mbele, akitakiwa kuliandika neno hilo ubaoni kila wiki.

Na Torvalds mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi barua zake kali ziliwafurahisha watazamaji kuliko zilivyowafurahisha walioandikiwa, aliomba radhi mwezi Septemba mwaka 2018, akasema atapumzika kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu. Siku hizo hizo kazi ya Linux ikapata kanuni mpya za mwenendo. Wapo waliosema kwamba sasa utaalamu umekuja kuua undugu. Mwishoni mwa mwaka huo mtu mmoja alipendekeza kwamba tusi moja lililotapakaa katika maelezo ya ndani ya Linux libadilishwe kila mahali liwe neno la kukumbatia, na matokeo yake yalikuwa sentensi za ajabu hata wengi wakashindwa kujua kama ni pendekezo au ni mzaha mwingine.

Nilipoyatafakari hayo niliona kwamba tunabishana kwa maneno ya kukopa, mzaha upande huu na utaalamu upande ule, hali sisi tunao utani. Mzaramo na Mnyamwezi huambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema pana ugomvi. Mtani huweza kufika msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai fidia kabla maiti haijatolewa, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini aliyewahi kuhudhuria msiba wa namna hiyo anajua pia kwamba mtani yule yule ndiye anayeshika jembe kaburini na kubeba kuni za jikoni. Haki ya kutania ameinunua kwa jasho. Tena anayetaniwa anayo haki hiyo hiyo. Kesho msiba ukiwa upande wa pili, zamu hugeuka. Mpita njia asiye mtani wa mtu hajaribu mambo hayo.

Mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la tano alikuwa na mizaha mikali kuliko ya mbuzi wangu. Alikuwa na desturi ya kumwita "Waziri wa Fedha" kila aliyekosa kugawanya. Tulimpenda. Lakini alikuwa akituangalia. Siku aliporudi shuleni mwenzetu aliyefiwa na baba, akakosa kila alichoulizwa, mwalimu alisema tu, "Keti, mwanangu," akaendelea na mwingine. Nasi tulikuwa na jina letu la kumwita, naye alilijua, na mara nyingine alilitumia mwenyewe alipokosea ubaoni. Programu haina macho hayo. Maneno yangu niliyaandika mara moja usiku mmoja nikiwa nimeshiba, nikicheka, nayo yakaenda kumwambia kila mtoto jambo lile lile, kwa herufi zile zile nyekundu, awe amefiwa au hajafiwa, awe amekosa au hajakosa. Na mtoto hakuwa na njia ya kumjibu mbuzi.

Ng'ombe wa Debian ni tofauti, kwa maana hajitokezi mpaka umwite. Iko hata programu iitwayo sudo ambayo yaweza kumtukana mtu akikosea neno la siri, lakini kwa kawaida matusi hayo hayakuwashwa. Mwenye mashine akiyataka huyawasha mwenyewe. Ameingia utanini kwa hiari yake. Niliwaandikia wenzangu kwamba sina ugomvi na mbuzi bali na mahali tulipomfunga: tumemfunga mlangoni, ambapo kila anayebisha hodi akiwa na shida anakutana na pembe.

Kijana wa Mwanza hakujibu kwa siku kadhaa. Kisha alituma kazi bila maelezo. Kisanduku kilikuwa kimetengenezwa. Mahali pa maneno yangu, mtoto akikosa mara tatu, programu sasa ilimwonyesha ilichokisoma: "Nimesoma 57. Ndivyo ulivyoandika?" Na mbuzi alikuwapo bado, ila amehamishwa. Mtoto akimaliza zoezi zima, anatokea mbuzi aliyechorwa kwa mkono, mwenye miwani, anasema kwamba 8 na 5 ni 14, na mtoto anaombwa amsahihishe. Akimsahihisha, mbuzi anakula karatasi. Ni kazi nzuri kuliko yangu, tena ni mbinu nzuri ya kufundishia. Nimeona watoto waliochoka kufanya hesabu zao wakifanya nyingine 10 ili tu wampate mbuzi akikosea. Naliandika hili kwa wanachuo wanaodhani kwamba katika andalio la somo ucheshi ni kitu cha kuwekwa katika utangulizi ili kuamsha darasa, kisha uwekwe kando.

Kijana yule alituma kazi mara mbili tena baada ya hapo, kisha akanyamaza. Nilimwandikia salamu za Idi, akajibu vizuri, akasema ana shughuli nyingi. Sijui kama aliyemwondoa ni maisha au ni mimi. Karani wa Dodoma ndiye sasa anayesoma tafsiri zetu kabla hazijaingizwa.

Mwanachuo wangu alimketisha yule msichana mbele ya mbuzi mpya kabla ya mazoezi kwisha. Aliniambia kwamba alimsahihisha mara 4 mfululizo bila kucheka, kama mtu anayedai deni, kisha akauliza kama aweza kwenda kumwagilia bustani.

Lakini programu ya zamani haikufa tulipoitengeneza mpya. Shule nyingi hazina intaneti ya kuzipelekea marekebisho. Zinacho kile walichopewa. Mwaka ule wa kwanza, nikiwa na furaha yangu, niliinakili kwenye diski mweko 30, nikazigawa kwa mkono wangu katika semina ya walimu wa wilaya tatu, na katika maelezo yangu niliwasomea walimu maneno ya mbuzi, nao wakacheka sana. Tangu wakati huo nimekuwa nikiandika barua, nikipiga simu, na kila nipitapo karibu na shule naingia kuuliza. Hadi sasa nimebadilisha 17. Zilizobaki zilikwisha nakiliwa kwingine, kama ilivyo ruhusa na kama tulivyotaka. Mwezi uliopita mwalimu mmoja ambaye sikuwahi kukutana naye, wa shule ambayo haikuwamo katika orodha yangu, alinipongeza kwa programu ile, akasema watoto wake wanaipenda, hasa ile sehemu ya mbuzi. Nilimuuliza ni mbuzi yupi.